Kullaka, na lugha ambayo bibi hakunirithisha

Jikoni tulikofanya kazi, kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Virginia, Marekani, tulikuwa watu wawili wenye kosa moja. Kiingereza kinamtenga mwanamume na mwanamke hata katika kusema "yeye", na sisi tulikuwa tunabadilisha kila siku bila kujijua. Mzee wa chumba cha mwisho, mwanamume na ndevu zake, mimi nilimtaja kwa neno la kike. Mwenzangu akamtaja bibi wa chumba cha pili kwa neno la kiume, na trei za chakula zikakaribia kubadilishana vyumba.

Siku moja tukimenya viazi nikamuuliza: wewe si unajua Kihispania, na Kihispania nacho si kinatenganisha vilevile? Akasema ndiyo, ila Kihispania alikikuta shuleni. Lugha aliyoinyonya kwa mama yake ina neno moja tu, jupa, kwa kila mtu asiye mimi wala wewe, awe mume au mke. Nikamwambia kwetu pia tuna moja: yeye. Akaacha kumenya. "Yeye," akasema taratibu, kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi. "Yeye. Jupa."

Alikuwa mama wa makamo kutoka El Alto, Bolivia, Mwaymara. Nilitaka kumwita kwa jina lake akanikataza kwa upole. Niite kullaka, akasema, yaani dada. Tangu siku hiyo sikumwita vingine, na humu nitamwita hivyo hivyo.

Waliopanda Kilimanjaro wanakijua kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya bahari. Ndipo wengi wanapoanza kuumwa kichwa na kupoteza hamu ya chakula. El Alto iko juu zaidi ya hapo, kama mita 4,150, na ni mji wenye watu zaidi ya laki 8 wanaozaa, wanaouza nyanya na kugombea usafiri asubuhi kama sisi. Bondeni kwake iko La Paz. Tangu mwaka 2014 miji hiyo miwili imeunganishwa na vyumba vidogo vinavyopita angani kwenye waya, na vituo vyake vina majina ya Kiaymara kando ya yale ya Kihispania: kimoja ni Jach'a Qhathu, Soko Kubwa, kingine Taypi Uta, Nyumba ya Katikati. Kullaka alinionyesha picha kwenye simu. Mama yake, aliniambia, alishuka La Paz kwa miguu na mzigo mgongoni miaka yote, na hakuwahi kuona bango hata moja lililoandikwa kwa lugha yake.

Upande wa magharibi wa mji huo kuna Ziwa Titicaca, mita 3,812 juu ya bahari, nusu la Bolivia na nusu la Peru. Waaymara wamelizunguka ziwa hilo na nyanda zake, na wengine wako kaskazini mwa Chile. Wanaoizungumza lugha hiyo wanakaribia milioni 2. Jirani zao wakubwa ni Wakechua, ambao lugha yao, au tuseme ukoo wa lugha zao, una wasemaji milioni kadhaa kuanzia Ekwado hadi Argentina. Lugha hizi mbili zimekaa pamoja muda mrefu mno, zimeazimana maneno na mazoea ya sarufi mpaka wataalamu bado wanabishana kama ni ndugu wa damu au ni majirani waliofanana kwa kukaa mtaa mmoja. Mimi si mtaalamu. Ninachoweza kusimulia ni kile nilichokisikia kwenye meza ya jikoni, na nilichokwenda kukitafuta baadaye kwa sababu ya meza hiyo.

Kwanza mkate. Nilipomuuliza mkate unaitwaje akasema t'ant'a. Nikarudia, akatikisa kichwa. Nikarudia tena kwa pumzi zaidi, akacheka: hapo umesema thantha, kitu kikuukuu, nguo iliyochakaa. Na ukisema tanta bila chochote, hiyo ni mkusanyiko. Sauti hizo tatu kwake ziko mbali kama mbingu na ardhi. Ya mkate inapasuka kooni, kama mtu anayefungua kizibo. Nilijaribu wiki nzima. Ikanijia picha ya wazee wa Mombasa, ambao mpaka leo wanamtofautisha paa wa porini na paa la nyumba kwa pumzi tu, wakati sisi wa shule tumeambiwa maneno hayo yanafanana na muktadha utasaidia. Kumbe kuna vitu ambavyo maandishi yalitupokonya na hatukuona pengo.

Halafu kuna namna maneno yanavyojengwa. Kiswahili hupanga viungo vyake vingi mbele: ni-ta-ku-pikia. Kiaymara huvipanga nyuma, kimoja baada ya kingine. Uta ni nyumba, utaja nyumba yangu, utajata kutoka nyumbani kwangu, na safari inaweza kuendelea. Nilimwandikia "nitakupikia" kwenye kisanduku cha mayai, nikampigia mistari kila kipande na maana yake. Alikikata kile kipande cha kisanduku akakiweka mfukoni mwa aproni. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kuona lugha nyingine ambayo mtu anaweza kuifungua hivyo, kama mahindi yanavyopukuchuliwa.

Lakini kilichonishika mpaka leo ni ushahidi. Kiaymara hakikuachi useme jambo la zamani bila kuonyesha umelijuaje. Saräna ni "alienda", na mimi ninalijua hilo mwenyewe, nililiona. Saratayna pia ni "alienda", ila sikushuhudia. Nimeambiwa, au nimekuta dalili. Ukichanganya, umesema uongo hata kama habari ni ya kweli. Mtu anayesimulia kuzaliwa kwake hatumii mwisho wa ushahidi, ule wa saräna, kwa sababu alikuwepo lakini hakujua. Na wana usemi wa wazee: ukiona ndipo useme nimeona, kama hujaona, usiseme nimeona.

Kuna wakati pesa zilipotea pale kazini, na kabla ya saa sita jina la kijana mmoja mfagiaji lilikuwa midomoni mwa kila mtu. Kullaka alikaa kimya akiosha masufuria. Kila aliyekuja na habari hiyo alimuuliza swali moja kwa Kiingereza chake cha kuungaunga: umeona, au umeambiwa? Hakuwa mkali. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa ngapi. Mchana ule habari ilififia yenyewe, maana hakuna aliyekuwa ameona.

Mwisho huo wa -tayna una kazi nyingine. Unatumika pia mtu anapogundua jambo ambalo lilikuwepo muda wote bila yeye kujua. Aliponieleza nilipiga meza kwa kiganja. Hiyo ni kumbe! Sisi tunayo! Kumbe alienda. Na ile ya kusikia kwa watu tunayo pia, eti alienda, ati alienda. Tofauti ni kwamba kwetu ni hiari ya msemaji, na kwao imefungwa kwenye kitenzi chenyewe, huwezi kuiacha nyumbani. Tangu hapo ninapoandika habari yoyote huwa najiuliza ningeiandikaje kwa Kiaymara. Humu pia nimejitahidi.

Kitu kingine alichonionyesha bila kukusudia ni mkono wake. Akimtaja mama yake marehemu, mkono ulikwenda mbele, kiganja wazi, kama anayekuonyesha mtu aliyesimama pale. Akizungumzia siku atakayorudi Bolivia kujenga nyumba, kidole gumba kilirudi nyuma juu ya bega. Nilidhani ni mazoea yake tu. Baadaye nikasoma kwamba Rafael Núñez na Eve Sweetser walichapisha utafiti mwaka 2006 kuhusu jambo hilohilo, baada ya kuwarekodi Waaymara wa kaskazini mwa Chile wakizungumza. Nayra ni jicho, na ni mbele, na ni zamani. Qhipa ni nyuma, mgongoni, na ni wakati ujao. Yaliyopita umeyaona, kwa hiyo yako mbele ya macho. Yajayo huyaoni, kwa hiyo yako kisogoni.

Ona tunavyosema sisi: siku za usoni. Tumeyaweka yasiyojulikana kwenye uso, na yale tuliyoyaishi tukayaacha huko nyuma. Marehemu profesa John Mbiti wa Kenya aliyachukua maneno yetu mawili, sasa na zamani, akajenga hoja mwaka 1969 kwamba Mwafrika wa jadi huelekea zamani. Alipingwa na wengi, na sitaki kufufua ubishi huo hapa. Nasema tu kwamba lugha yenyewe, Kiswahili hiki ninachoandika, inatazama upande mwingine na Kiaymara. Wale watafiti waliona pia kuwa vijana, waliozoea zaidi Kihispania, walianza kuonyesha wakati ujao mbele kama Wahispania. Mkono unahama kabla ya neno.

Nilimuuliza kullaka kwa nini anapoongea na Wabolivia wenzake kwenye simu anahamia Kihispania mara mtu mwingine akiingia. Akasema alizoea. Shuleni kwao, alipokuwa mdogo, aliyesikika akisema Kiaymara alipigwa, na watu wa mjini hawakuiita lugha. Waliiita dialecto. Alivyolitamka neno hilo nililijua hata kabla hajalifafanua. Na sisi tuna letu: kilugha. Mtu anaongea kilugha. Kule shule yangu ya msingi kulikuwa na kibao cha kuvaa shingoni kwa anayeshikwa akiongea kilugha, na ulikivua kwa kumkamatisha mwenzako. Nilikivaa mara moja tu, kwa neno la bibi lililoniponyoka. Ile ki- ya kilugha ni ya kudogosha, na ilitosha kazi.

Waaymara hawakunyamaza kwa miaka hiyo yote. Mwaka 1781 Julián Apaza, aliyejiita Túpac Katari, pamoja na mkewe Bartolina Sisa, waliizingira La Paz kwa miezi. Aliuawa Novemba mwaka huohuo, mke mwaka uliofuata. Hayo ni ya vitabu vyote. Mimi nilivutwa zaidi na jambo la utulivu kuliko hilo: shule ya Warisata, karibu na ziwa.

Avelino Siñani alikuwa Mwaymara aliyekuwa akifundisha watu wake kusoma kwa siri, wakati mabwana wa mashamba hawakutaka mtumishi anayejua herufi. Elizardo Pérez alikuwa mwalimu kutoka mjini. Tarehe 2 Agosti 1931 walifungua shule Warisata, na waliijenga kwa mfumo wa ayllu, yaani jamii ya asili ya huko inayogawana ardhi na kazi. Wazee walikaa kwenye baraza la shule na kuamua mambo. Watoto walisoma, walilima, walifuma, walifyatua matofali. Watu walileta mawe na nguvu zao bila malipo, kama msaragambo wa Upareni. Kufikia mapema miaka ya 1940 serikali ilikuwa imeivunja. Siñani alifariki mwaka 1941. Ukipita miaka karibu 70, mwaka 2010, sheria ya elimu ya Bolivia ikapewa majina yao wawili, Avelino Siñani na Elizardo Pérez, na ikaagiza watoto wafundishwe kwa lugha zao. Mwaka mmoja kabla, katiba ya 2009 ilikuwa imezitaja lugha 36 za wenyeji kuwa rasmi pamoja na Kihispania. Kullaka alipoondoka Bolivia hayo yalikuwa mapya. Alisema shangazi yake, aliyekuwa karani, alilazimika kujifunza upya Kiaymara alichokikataa utotoni, kwa sababu sasa mtumishi wa serikali anatakiwa kujua lugha mbili. Alijifunzia redioni. Redio San Gabriel imekuwa ikitangaza kwa Kiaymara tangu miaka ya 1950, na nyumba nyingi za huko huamka nayo.

Mpaka hapo nilikuwa nimeshajipanga upande wao kabisa. Wao na Kihispania, sisi na Kiingereza. Hesabu ilikaa vizuri kichwani mwangu kwa miezi mingi. Iliyoiharibu ni mfuko wa viazi.

Kullaka alipata mfuko wa ch'uñu kutoka duka la Kibolivia. Vinafanana na vipande vya mkaa, vyeusi, vidogo, na ukivishika ni vyepesi mno, unaona kama ni utani. Akanieleza vinavyotengenezwa. Mwezi wa Juni na Julai usiku wa nyanda za juu unaganda. Viazi vidogo vinatandazwa chini, baridi inavigandisha, jua la mchana linaviyeyusha, hivyo siku kadhaa. Kisha watu wanavua viatu na kuvikanyaga taratibu mpaka maji na maganda yatoke. Vikikauka vinakaa miaka bila kuoza. Vikizamishwa kwanza mtoni kwa wiki kadhaa vinatoka vyeupe, navyo huitwa tunta. Alivilowesha usiku kucha, asubuhi akavikamua kimoja kimoja kwa vidole, maji yakawa ya rangi ya chai. Harufu ilikuwa ya udongo uliolowa. Nikakumbuka makopa ya bibi, muhogo uliokaushwa juani na kuwekwa darini kusubiri njaa, na ile harufu inayopanda ukifungua kikapu.

Siku ya mapumziko alitandika sakafuni kitambaa chake cha rangi, awayo, akamwaga ch'uñu katikati, na kila aliyekuja akamwaga alicholeta pembeni yake: mahindi, jibini, maharage. Hakuna sahani. Wanaita apthapi. Mimi nilileta mihogo ya kukaanga. Akaonyesha duara lote la watu akasema jiwasa. Kiaymara kina "sisi" mbili, akanieleza huku anakula. Jiwasa ni sisi na wewe ukiwemo. Nanaka ni sisi, wewe haumo. Nilikuwa jiwasa. Sijasahau.

Nikiwa na furaha hiyo nikamuuliza juu ya wale wa visiwa vya matete vinavyoelea kwenye ziwa, ambao watalii wanawapiga picha. Wale Wauru, ni Waaymara? "Wanaongea kama nanaka," akasema. Kama sisi, wewe haumo, na wao hawamo. Aliponiona nimelikamata neno, akaangalia chini.

Wauru walikuwa wavuvi na wawindaji wa ndege wa ziwani tangu zamani sana, na majirani wakulima waliwadharau. Wale wa visiwa vya upande wa Puno, nchini Peru, wameiacha lugha yao, wanasema Kiaymara. Wa Irohito, kwenye mto unaotoka Titicaca, mzungumzaji wao wa mwisho alifariki mwaka 2004. Wauru wa Ziwa Poopó walibaki na ziwa bila lugha, na Desemba 2015 ziwa lenyewe likakauka. Waliobaki na lugha ni Wachipaya, watu kama elfu 2, kwenye ardhi ya chumvi ya Oruro karibu na Coipasa, kijiji cha nyumba za duara. Wao husimulia kuwa babu zao, chullpa, waliishi kabla ya jua, gizani, na jua lilipochomoza kwa mara ya kwanza wakaungua wote isipokuwa wachache waliojizamisha majini. Hadithi nzuri kupita kiasi. Majirani wakaigeuza tusi: chullpa puchu, mabaki ya chullpa. Kullaka alisema bibi yake alikuwa akilitumia tusi hilo kwa wanawake waliokuja sokoni kubadilisha samaki kwa unga. Alilisema kwa mwisho wa ushahidi. Aliona, alisikia kwa masikio yake.

Na kuna Kipukina. Mwaka 1575 Francisco de Toledo, aliyeitawala Peru kwa niaba ya mfalme wa Hispania, alikitambua kuwa moja ya lugha kuu tatu za nchi, sawa na Kikechua na Kiaymara. Leo hakuna anayekizungumza. Karibu yote tunayoyajua juu yake yanatoka kwenye kurasa chache za sala zilizochapishwa Napoli mwaka 1607 katika kitabu cha padri Luis Jerónimo de Oré, pamoja na maneno yaliyosalia katika lugha ya siri ya Wakallawaya, waganga wa mitishamba wa Charazani ambao baba humrithisha mwana. Katiba ya 2009 imekitaja Kipukina kati ya zile 36. Ni lugha rasmi isiyo na mtu. Nimelisoma jina hilo kwenye orodha mara nyingi, katikati ya pacawara na quechua, kwa alfabeti, na kila mara nahisi ni kama jina la marehemu kwenye daftari la mahudhurio.

Nani alikizika? Kihispania, ndiyo, lakini Kihispania hakikufika kila kijiji. Mahali pengi wajukuu wa Wapukina walihamia Kiaymara na Kikechua, lugha za jirani mwenye nguvu kidogo zaidi. Na mwanaisimu wa Peru, Rodolfo Cerrón-Palomino, ameonyesha kwa hoja nzito kwamba Kiaymara chenyewe hakikuzaliwa Titicaca. Kilitoka kaskazini, Peru ya kati, ambako dada yake Kijaqaru bado anasemwa kijijini Tupe, katika milima ya nyuma ya Lima. Kilipofika ziwani kilikuta wenyeji.

Hapo ndipo nilipoacha kujiona Mwaymara mwenye jirani Mhispania. Mimi ni msemaji wa Kiswahili. Bibi yangu mzaa mama alitoka Bwiti, chini ya Usambara upande wa Mkinga, na lugha yake ilikuwa Kidhaiso, ndugu wa Kikamba na Kigikuyu aliyeteremka mpaka karibu na pwani na kubakia huko peke yake kati ya Wadigo na Washambaa. Kile kibao shingoni sikuvalishwa kwa ajili ya Kiingereza. Nilivalishwa kwa ajili ya Kiswahili, lugha ninayoipenda kuliko zote, iliyonipa kazi na ndoa na marafiki kutoka Bukavu hadi Muscat. Watu wa Tanga tunajivunia kwamba Kiswahili hakikulazimishwa, kilipendwa. Kwa bibi, hilo ni nusu. Alikipenda. Pia aliona haya sokoni.

Kuna kamba nyingine inayofunga pande hizo mbili, nami niliijua kabla ya kumjua kullaka, ila sikujua ninajua. Ni kwinini. Tuliinywa utotoni kwa malaria tukikunja nyuso. Neno hilo limetoka kwenye kina, gome la mti kwa Kikechua, na mti wenyewe ni wa miteremko ya mashariki ya Andes. Mwaka 1865 mbegu za aina yake bora zilitolewa Bolivia na Manuel Incra Mamani, kwa niaba ya mfanyabiashara Mwingereza Charles Ledger. Mamani ni jina la Kiaymara, maana yake kipanga. Mbegu ziliuzwa kwa Waholanzi wakapanda Java na kuitawala biashara ya dawa hiyo duniani kwa miongo. Mamani aliporudi kutafuta nyingine alikamatwa, akapigwa, akafa kwa majeraha hayo mwaka 1871. Wajerumani nao walipanda mikwinini Amani, kwenye Usambara ileile anayoiona mtu akisimama Bwiti, na Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowafungia bahari waliyategemea magome hayo kwa dawa ya askari wao. Nilimsimulia kullaka habari hiyo. Akaniuliza kama watu wa kwetu wanalijua jina la Mamani. Nikasema hapana. Akalitaja tena polepole, Manuel Incra Mamani, akanisubiri nilirudie.

Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nimelikwepa tangu siku ya jupa. Kwa lugha ya bibi yako, "yeye" ni nini?

Sikuwa na jibu. Nilisimama na kitambaa cha vyombo mkononi.

Alirudi El Alto mwaka uliofuata. Aliniaga kwa neno lao, jikisiñkama, mpaka tutakapokutana, akaniachia ile awayo. Mwezi Mei 2022 Google Translate iliongeza lugha 24 kwa mpigo, Kiaymara, Kikechua na Kiguarani zikiwamo, sambamba na Kilingala na Kiganda. Alinitumia ujumbe wa sauti akicheka: ameijaribu, inakosea, lakini inajaribu. Kidhaiso hakikuwamo, na sikutegemea.

Nilimpigia mama mkubwa, dada wa mama, ambaye bado yuko Bwiti. Nilimwamkia, akaitikia, tukaulizana hali za kila mtu na mbuzi. Nikamwomba anirekodie maneno. Alidhani nina mtihani. Nikasema hapana mama, nataka tu kujua. Akakaa kimya, akasema watoto wa siku hizi hata akiwaita kwa Kidhaiso wanamjibu kwa Kiswahili, basi naye ameacha kuwaita.

Usiku wa pili ulikuja ujumbe wa dakika kumi na moja. Kuna kuku, kuna mtu anapita na pikipiki, kuna yeye. Anataja miti, sehemu za mwili, majina ya mvua. Hakuna aliyemwomba, lakini baada ya kila neno anasimama na kuongeza alikolitoa. Hili nalisema mwenyewe mpaka leo. Hili nilikuwa nalisema zamani, nimeacha. Hili nalisikia tu kwa mama, mimi sikuwahi kulitumia. Hili lazima nimuulize mzee mmoja, sina hakika nalo, usiliandike bado.

Nimefungua daftari lenye safu mbili. Neno la kwanza kwenye safu ya kushoto, yale anayoyasema mwenyewe mpaka leo, ni yeye.